Daftari la Wodi: Shajara ya Mradi wa Kuwatengenezea Wauguzi Mahali Salama pa Kazi

Wiki ya 1

Daftari la matukio la wodi yetu ni jeusi, la jalada gumu, na limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa dawati la wauguzi lisije likapotea. Leo nimelifungua kwa mara ya kwanza tangu nikabidhiwe usimamizi wa wodi. Miezi 14, maandishi manne. Mawili ni ya kitanda kilichong'oka gurudumu. Moja ni la mgonjwa aliyeanguka chooni. La nne limeandikwa kwa penseli, hafifu, kana kwamba mwandishi alikuwa tayari kulifuta: "Nimepigwa kofi na ndugu wa mgonjwa, kitanda cha 9." Chini yake pana sahihi ya msimamizi aliyenitangulia, na tarehe. Basi. Hakuna kilichofuata.

Nilipopeleka wazo la mradi kwa uongozi, ofisa mmoja alilisoma daftari hilohilo kwa macho mengine. "Maandishi manne kwa mwaka na ushei? Hiyo ni wodi tulivu." Sikuwa na jibu palepale. Lilinijia baadaye nikiwa nasukuma troli ya dawa. Miaka ya tisini, mtafiti wa Marekani Amy Edmondson alichunguza makosa ya dawa hospitalini akitarajia kukuta timu zenye maelewano mazuri zina makosa machache. Akakuta kinyume chake: timu nzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Si kwamba zilikosea zaidi, bali watu wake walithubutu kusema. Kwa hiyo daftari tupu linaweza kuwa dalili ya ugonjwa, si ya afya. Nimeliandika hilo kwenye barua na kuirudisha ofisini. Nimepewa miezi sita, bila bajeti ya kutajika.

Timu yetu ni ya watu watano: mimi, muuguzi mmoja wa zamu ya usiku asiyeogopa mtu, mhudumu wa usafi, kiongozi wa walinzi, na ofisa wa utumishi. Wengine walishangaa kumwona mhudumu wa usafi. Ndiye anayebeba takataka zetu; sindano tunazozitupa ovyo humchoma yeye kabla hazijatuchoma sisi.

Wiki ya 2

Sikutaka dodoso. Dodoso la kurasa sita hujazwa na mtu aliyepumzika, na sisi hatuna mtu wa namna hiyo. Nimetoa vipande vya karatasi vyenye swali moja tu: Ni jambo gani lilikutokea kazini na hukuliandika? Boksi tupu la glavu limewekwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mbali na meza yangu.

Baada ya siku nne nimekuta karatasi 31. Tuko wauguzi 19.

Nimezisoma zote kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo sishauri mtu alifanye usiku. Kuna aliyetemewa mate. Kuna aliyeshikwa makalio na mgonjwa wakati akimtandikia kitanda, akaambiwa na mwenzake mkubwa, "Umezidi kulegeza sauti." Kuna aliyechomwa na sindano mwaka jana, akanawa mkono kwa sabuni, akaendelea na zamu, hakumwambia mtu hadi leo. Kuna aliyeandika sentensi moja tu: "Nikiingia lifti moyo unaanza kwenda mbio." Watatu wametaja mgongo. Saba wametaja rosta. Tisa wametaja wauguzi wenzao, na hilo ndilo lililoniuma kuliko mate.

Wengi waliongeza wenyewe kwa nini hawakuandika. Majibu yanafanana kama ndugu: "Nitaulizwa mimi nilifanya nini." "Haisaidii." "Niliwahi, sikujibiwa."

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hushambuliwa mwilini wakati fulani katika maisha yao ya kazi, na wanaotukanwa au kutishwa ni wengi zaidi. Nilikuwa naijua takwimu hiyo. Sikuwa nimejua kwamba ilikuwa imekaa kwenye chumba chetu cha kubadilishia nguo.

Wiki ya 3

Tumelibadilisha daftari lenyewe kabla ya jambo lingine lolote. Safu ya jina la anayeripoti imeondolewa. Anayetaka ataandika, asiyetaka aache. Safu ya "sahihi ya msimamizi" imeondolewa pia, maana sahihi si jibu. Mahali pake pana safu pana kuliko zote: Jibu, tarehe, nani amejibu.

Muda wa kujibu tumeuazima kwenye sindano. Mtu aliyepatwa na damu inayoshukiwa kuwa na virusi vya Ukimwi ana saa 72 za kuanza PEP, dawa za kuzuia maambukizi. Baada ya hapo hazianzishwi. Tukasema basi na sisi tuwe na saa 72. Jibu linaweza kuwa "bado tunafuatilia, tutarudi Ijumaa", lakini ukurasa haubaki kimya.

Kamba nayo tumeikata. Daftari sasa linakaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Wiki ya 4

Kengele ya dharura iko chini ya ukingo wa dawati, kitufe chekundu. Kila muuguzi mpya huonyeshwa siku yake ya kwanza, na mimi nimewaonyesha wengi: "Ukizidiwa, bonyeza hapa."

Jumanne saa nane usiku nimekuja wodini bila sare, nikamwomba muuguzi wa zamu abonyeze. Tukasubiri. Dakika moja. Dakika tatu. Mgonjwa wa kitanda cha 4 akakohoa, akageukia ukutani. Ilipofika dakika ya saba nikaamua kuifuata kengele mwenyewe. Nikashuka, nikapita korido ya maabara, nikafuata sauti kama mtu anayetafuta mtoto analia wapi. Nikaikuta kwenye kibanda cha walinzi cha mlango wa nyuma, mlango ambao hufungwa saa mbili usiku, na kibanda nacho hufungwa. Kengele ilikuwa inalia vizuri kabisa, kwa sauti safi, ndani ya chumba chenye kufuli. Nimeisikiliza nikiwa nje ya dirisha.

Kiongozi wa walinzi aliniambia asubuhi, kwa unyonge, "Sista, sisi tulijua ile ni ya mchana."

Hakuna aliyedanganya. Fundi aliyeiweka kengele aliiweka palipokuwa na mtu; baadaye mtu akahamishwa, kengele ikabaki. Na muda wote huo tulikuwa tukiwaambia wauguzi wako salama.

Mafundi wameihamisha hadi lango kuu, na tumeongeza ya pili wodi ya jirani. Ya jirani ndiyo niliyoipigania zaidi. Kutoka lango kuu mlinzi hutumia dakika kadhaa hata akikimbia. Wodi ya jirani iko hatua 40, nimezihesabu. Muuguzi anayeshikwa shingo hahitaji kwanza mtu mwenye rungu. Anahitaji watu wawili watokee mlangoni waonekane. Kuanzia sasa kengele inajaribiwa kila Jumatatu, zamu zote tatu, na matokeo yanaandikwa kwenye daftari.

Wiki ya 5

Nimeyapanga maandishi ya vurugu kwa saa badala ya kwa watu. Mengi yanaangukia muda uleule: kati ya kengele ya mwisho ya kutazama wagonjwa na taa kuzimwa. Ndugu ameketi tangu mchana akisubiri daktari, hakupata neno, kisha anakuja muuguzi na ujumbe mmoja tu: muda umeisha, tokeni. Muuguzi huyo hakuwa na habari ya kumpa, lakini ndiye uso pekee uliopo.

Kwa hiyo nusu saa kabla ya muda kwisha, daktari wa zamu na muuguzi mmoja wanapita vitandani, dakika mbilimbili, wanasema kinachojulikana na kisichojulikana. Daktari mmoja alinung'unika kwamba hana muda huo. Nikamwonyesha ukurasa wa kofi. Amekuwa akipita.

Hili halitibu kila kitu. Mgonjwa aliyechanganyikiwa ghafla kwa homa, kwa kushuka kwa sukari au kwa kukosa oksijeni atakurushia ngumi bila kujua ni wewe. Huyo hapelekwi kwa mlinzi. Anapimwa sukari na oksijeni kwanza. Tumeliandika hilo kwa herufi kubwa juu ya troli, maana mwezi uliopita tulimfunga mtu mikono kwa nusu saa kabla ya mtu kukumbuka kumchoma kidole.

Wiki ya 6

Sasa zile karatasi tisa zilizotaja wauguzi wenzetu.

Makabidhiano ya zamu kwetu hufanyika saa moja asubuhi mbele ya dawati. Muuguzi wa usiku anasimama na faili, anasoma. Leo nimesimama nyuma, kimya. Muuguzi mpya, ana miezi mitano kazini, alikuwa anaeleza kitanda cha 12. "Mkojo ulikuwa..." Muuguzi mwandamizi akamkatiza bila kuinua macho: "Mililita ngapi?" Akajibu. "Kwa saa ngapi?" Akajibu. "Na wewe ulifanya nini?" Akaanza kueleza. "Ulisomea wapi?" Watu wakacheka. Yule binti akaendelea kusoma, lakini nimeona karatasi ikitetemeka, na alipofika kitanda cha 15 akaruka kumtaja kwamba ana mzio wa penisilini. Nimelisema mimi. Angalieni njia iliyopita: dharau ya dakika moja ilikaribia kumdhuru mtu aliyelala mita kumi kutoka hapo, asiyejua lolote.

Mwaka 1986 Mmarekani Judith Meissner aliwauliza wauguzi wenzake kama tunawala makinda wetu wenyewe. Miaka karibu 40 imepita na swali lingali linauma. Utetezi ninaousikia ni uleule: sisi tulifundishwa hivyohivyo na tumekuwa imara. Mimi pia nilifundishwa hivyo. Nilichojifunza ni kuficha nisichokijua.

Nimezungumza na yule mwandamizi faraghani, mlango umefungwa, chai hamna, dakika 20. Sikutumia neno unyanyasaji. Lingemfanya ajitetee hadi kesho. Nilimweleza nilichokiona, kwa mpangilio, na mzio ulioachwa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia: kwamba yeye ana miaka 22 wodini na hajawahi kuulizwa na mtu kama amechoka.

Mambo mawili yamebadilika. Makabidhiano sasa yana mpangilio mmoja: hali ilivyo, historia, tathmini, ninachopendekeza. Mpangilio huo ulitoka kwenye nyambizi za nyuklia za jeshi la majini la Marekani kabla ya kuingia hospitalini, na uzuri wake ni kwamba maswali huulizwa mwisho, si katikati. La pili ni kanuni ya daftari: aliyetajwa kwenye malalamiko hajibu mwenyewe. Anasikilizwa, lakini kalamu ya jibu inashikwa na mtu mwingine wa timu. Niliiandika kanuni hiyo nikiwa na wauguzi wawili kichwani.

Wiki ya 8

Sindano. Mhudumu wa usafi alituita kwenye chumba cha takataka, akamimina yaliyomo kwenye sefti boksi moja juu ya karatasi nene, akiwa na glavu nzito na koleo. Boksi lilikuwa limejaa pomoni. Sindano mbili zilikuwa zimetoboa ubavu. Nyingine tano zilikuwa zimerudishiwa vifuniko vyake, na kurudisha kifuniko ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kujichoma kidole cha mkono wa pili. "Hizi ni zenu," alisema. Hakuna mafunzo ya slaidi yangefanya kazi ile.

Boksi linafungwa likifika robo tatu. Kila mtu analijua hilo; tatizo lilikuwa mahali. Boksi moja lilikaa mwisho wa wodi, kwa hiyo sindano iliyotumika kitanda cha 1 ilisafiri mkononi kupita vitanda 14. Sasa kuna dogo kwenye kila troli.

Kwa aliyechomwa, tumebandika utaratibu ndani ya mlango wa kabati: osha kwa maji na sabuni, usikamue, mwambie msimamizi wa zamu, nenda ukapimwe, anza dawa mapema iwezekanavyo ndani ya saa 72, zinywe siku 28. Nimeongeza kitu ambacho huwa hakiandikwi, kwamba hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi kwa mchomo mmoja wa sindano yenye damu yenye virusi ni takriban watu 3 kwa 1,000. Watu hukwepa kuripoti kwa sababu wanadhani wameshakufa. Homa ya ini aina ya B ndiyo ya kutisha zaidi kwa asiyechanjwa, na ina chanjo. Tulipokagua kadi, wauguzi wanne na mhudumu wa usafi mwenyewe hawakuwa wamemaliza dozi tatu. Wameshapangiwa.

Wiki ya 9

Maandishi mapya kwenye daftari: 17 tangu libadilishwe. Yote yamejibiwa, mawili nje ya muda. Yale mawili ni kosa langu. Nilikuwa likizo na sikuacha mtu.

Wiki ya 11

Rosta. Nimeiacha hadi sasa kwa sababu naiogopa.

Zamu yetu ya jioni huisha saa tatu usiku. Kwa makabidhiano na faili, mtu anatoka saa nne. Zamu ya asubuhi inaanza saa moja. Aliyepangwa jioni kisha asubuhi anapata saa tisa kati ya kuvua sare na kuivaa tena, na humo kuna safari, kuoga, watoto, na usingizi ukipatikana. Pendekezo namba 157 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1977, linasema muuguzi apate angalau saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya zamu na zamu. Nimehesabu rosta ya miezi miwili iliyopita, na kila wiki ilivunja pendekezo hilo, nyingine mara tano. Mpangaji wa rosta hiyo ni mimi.

Nikapiga marufuku jioni-asubuhi. Siku mbili baadaye walikuja watu watatu wamekasirika. Ile jioni-asubuhi ndiyo inayowapa ofu ndefu: unatoka saa nane mchana siku ya asubuhi na siku mbili zinazofuata ni zako. Mmoja ana mama mgonjwa, hiyo ndiyo nafasi yake ya kwenda kumwona. Nilikuwa nimewaokoa bila kuwauliza.

Tumekubaliana hivi: jioni-asubuhi haipangwi, ila muuguzi mwenyewe anaweza kuiomba kwa maandishi, na anaweza kulifuta ombi lake bila kueleza sababu. Rosta inatoka wiki tatu kabla, si siku tatu. Na simu za siku ya ofu zimekoma, isipokuwa kwa orodha ya waliojiandikisha kwamba wako tayari kuitwa. Nilidhani hakuna atakayejiandikisha. Wamejiandikisha sita. Inaonekana watu hawachukii kuitwa; wanachukia kuitwa wasipoweza kukataa.

Halafu kuna lile ambalo rosta haiwezi kulitatua. Usiku tuna wauguzi wawili kwa vitanda 30. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za Pennsylvania: kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7, na uwezekano wa muuguzi kuishiwa nguvu za kazi ukapanda kwa asilimia 23. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 1999, ikaanza kutumika 2004, na leo muuguzi wa wodi ya kawaida kule hapaswi kupewa wagonjwa zaidi ya watano kwa wakati mmoja. Sisi ni 15. Nimeyaandika haya kwenye ripoti ya katikati ya mradi nikaongeza sentensi ambayo ofisa wa utumishi aliniomba niilainishe, nikakataa: mradi huu haupaswi kutumiwa kama sababu ya kutoajiri.

Wiki ya 13

Tumeshindwa moja kwa moja. Chumba cha utulivu: viti viwili, pazia, picha ya bahari, ratiba ya mshauri nasaha kila Alhamisi alasiri. Wiki nne, ametokea mtu mmoja, naye alikuwa anatafuta pa kuchajia simu.

Muuguzi wa usiku amenicheka. "Sista, nani ataingia chumba chenye kibao USHAURI NASAHA mbele ya korido nzima? Na Alhamisi alasiri sisi wa usiku tumelala." Kibao kimetolewa. Mshauri sasa anakuja saa moja na nusu asubuhi, mara mbili kwa mwezi, anakaa na zamu inayotoka, wote pamoja, dakika 30, na hakuna anayelazimishwa kusema. Wiki hii walizungumza juu ya kijana wa kitanda cha 21 aliyefariki. Ilibainika kwamba wauguzi wanne, kila mmoja kivyake, alikuwa anaamini ni yeye aliyechelewa.

Shirika la Afya Duniani limeingiza hali ya kuishiwa nguvu kwa sababu ya kazi kwenye ICD-11, orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya, iliyoanza kutumika Januari 2022, si kama ugonjwa bali kama jambo linalotokana na kazi: msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa vyema. Napenda ilivyowekwa. Haimwambii muuguzi aende akajitibu. Mazoezi ya kupumua hayawezi kuongeza muuguzi wa tatu zamu ya usiku.

Wiki ya 15

Migongo. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza mtu asimwinue mgonjwa kwa mikono ikiwa uzito atakaoubeba unazidi kilo 16 hivi. Mguu mmoja wa mtu mzima mnene unaikaribia. Tumepata mashuka mawili ya kumtelezesha mgonjwa badala ya kumwinua. Yanatumika. Hakuna zaidi la kusema.

Wiki ya 17

Muuguzi mmoja ameacha kazi. Ndiye aliyeandika kuhusu lifti na moyo kwenda mbio. Ameniambia mwenyewe mwandiko ulikuwa wake. Nilimuuliza kama mradi ulichelewa. Akasema mradi ni mzuri, ila yeye alikuwa ameshaondoka zamani, mwili tu ndio uliokuwa unakuja.

Tumebadilisha kitu kimoja kwa ajili yake ingawa hatakitumia. Anayetoka zamu ya jioni anasindikizwa na mlinzi hadi kituo cha usafiri, si hadi langoni. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2019 na kuanza kutumika Juni 2021, unahesabu njia ya kwenda na kutoka kazini kuwa sehemu ya ulimwengu wa kazi, na unamtaka mwajiri achukue hatua dhidi ya ukatili na unyanyasaji kadiri inavyowezekana. Kiongozi wa walinzi alihoji kama nje ya geti ni kazi yake. Nimempa nakala, akaisoma mpaka mwisho, akasema sawa.

Wiki ya 20

Kikao na uongozi. Yule ofisa wa "wodi tulivu" alikuwa na daftari mkononi na uso umebadilika. Maandishi 46. "Mmeharibikiwa na nini huko?"

Nilikuwa nimejiandaa safari hii. Nikamwomba afungue ukurasa wowote. Akafungua: sindano, imeripotiwa baada ya dakika 10, dawa zimeanza ndani ya saa mbili, vipimo vimefuatiliwa. Ukurasa mwingine: ndugu wa mgonjwa amefoka na kutishia, kengele imebonyezwa, watu wa wodi ya jirani wamefika kabla hajanyanyua mkono. Ukurasa mwingine: taa ya ngazi imeungua, imebadilishwa siku ya pili. Nikamwomba arudi kwenye kurasa za zamani, kwenye maandishi ya penseli, anionyeshe jibu. Alilitazama muda.

Hakuahidi wauguzi wapya. Ameomba daftari la namna hiyo liende wodi nyingine mbili. Nimemwambia litaenda na safu yake ya jibu, au lisiende kabisa.

Kofi la kitanda cha 9 nimelijibu pia, kwa kuchelewa sana. Aliyepigwa nilimtafuta, yupo wodi ya watoto siku hizi. Nilimwomba radhi kwa niaba ya dawati lile. Akasema, "Mlishaisoma? Mimi nilidhani imefutika."

Wiki ya 24

Leo asubuhi nimelifungua daftari kama kawaida kabla ya makabidhiano. Maandishi mapya moja, kalamu ya wino, herufi zimekandamizwa hadi upande wa pili wa karatasi.

"Msimamizi wa wodi amenisahihisha kwa sauti mbele ya mgonjwa na ndugu zake. Nilikuwa nimekosea, lakini si vile. Mgonjwa amekataa nimhudumie tena."

Nimelisoma mara mbili. Nilijua ni kitanda gani, ni saa ngapi, na nilianza kujieleza kichwani: dripu ilikuwa inaenda kasi mno, sikuwa na muda wa kumvuta pembeni. Nilianza pia kuutambua mwandiko, nikaligeuza daftari. Mkono wangu ulikuwa tayari na kalamu, kwenye safu ile pana.

Kanuni niliiandika mwenyewe.

Muuguzi wa usiku alikuwa anafunga faili lake la mwisho. Nikamwekea daftari mbele, wazi kwenye ukurasa ule. Akasoma, akaniangalia, hakutabasamu. "Nitahitaji kukuuliza maswali, Sista."

"Uliza."

Akavuta kiti cha pili, akanielekezea nikae. Nikampa kalamu.